Majivu Niliyomletea Bibi

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyelala nyumbani kwetu kabla Bibi hajafukia moto. Bibi Veronika, mama yake baba, aliyafunika makaa kwa majivu akitumia kiganja kitupu, akaweka juu kinyesi kikavu cha ng'ombe, na asubuhi alipuliza mara mbili tu ukawaka. Moto ule alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na haukuwahi kuzimika. Alituambia, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya gulio, kwamba ukizimika, mwenyewe naye hakawii. Mama mkwe wake ndivyo alivyoondoka: paa lilivuja, jiko likalowa, na kabla mwezi haujaandama walikuwa wamemzika. Mimi niliamini kila neno.

Tuliishi mlimani, mwendo wa nusu siku kutoka Mabamba: Bibi, mama, Baba mdogo Filipo na mimi. Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, na barua zake zilikuja kwa nadra. Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka tisa, ikaja amri ya watu wote kushuka kukaa pamoja kando ya barabara, katika kijiji kilichopimwa kwa kamba. Lori likaja asubuhi pamoja na mgambo. Bibi akakataa kupanda bila moto wake. Dereva naye akakataa moto ndani ya lori lililojaa mikeka na watoto, na kwa kweli siwezi kumlaumu. Mgambo wawili wakamnyanyua Bibi wakamweka juu, kwa heshima kiasi, maana mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani. Akaniita, akaninyooshea chungu kilichomeguka mdomo, makaa yake yamelala ndani ya majivu.

"Ulete, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Usiutue chini mpaka unione."

Tukafuata kwa miguu mimi na Baba mdogo, mbuzi wanne mbele yetu. Kwenye kona ya juu niligeuka, nikaona moshi kwetu. Mgambo walikuwa wanachoma nyumba ili mtu asirudi. Baba mdogo alisimama kidogo, akapenga kamasi, akaniambia Bibi asijue. Kisha mvua ikatukuta bondeni kwenye mafunjo, pasipo hata mti wa kujikinga. Nilikiinamia chungu, nikakifunika kwa kifua, nikalia. Makaa yalitoa sauti ndogo ya maji, halafu yakanyamaza. Baba mdogo akanivuta hadi kwenye baraza la shule moja, akaokota majani makavu, akawasha kiberiti. Moto ni moto, alisema, na hili nalo likae kati yetu.

Kwa hiyo niliingia kijijini na siri mbili. Ile ya nyumba sikuitilia maanani. Hiyo ilikuwa ya wakubwa. Ya moto ndiyo ilikuwa yangu.

Bibi alikipokea chungu kwa mikono miwili, akapuliza, moto ukawaka, akanipaka majivu kwenye paji la uso kunibariki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kila siku alimwuliza Baba mdogo habari za nyumba, naye alijibu vilevile: iko, Mama, nimefunga mlango. Bibi alikuwa ameacha kibuyu cha mbegu za maharage, yale madogo mekundu ya kwao, kikining'inia juu ya jiko kwenye moshi ili wadudu wasizile. Alikuwa anangoja. Wakubwa hawa watachoka, alituambia, nasi tutapanda mlima wetu tukazitie mbegu ardhini.

Haukupita mwezi akaanza kukohoa, kisha akalala moja kwa moja. Tabibu wa zahanati, mtu wa kutoka Bukoba, alitoa vidonge. Mama alimnywesha uji wa ulezi naye akautema. Wote walikuwa wanakisia ugonjwa, mimi peke yangu nikijua. Nilikuwa ninamuua bibi yangu, na sikuwa na wa kumwambia. Chakula kilinishinda. Niliogopa hata kumtazama.

Siku moja mama alipokwenda kwenye shamba la kijiji, nikatoroka. Bibi aliwahi kufukua makaa hai yaliyokaa siku tatu chini ya majivu. Huenda jikoni kwetu lilibaki moja. Nilifika jua likiwa utosini. Kuta zilikuwa nyeusi, na mafiga matatu yalikuwa palepale. Nilichimba kwa mikono hadi viwiko. Majivu yalikuwa baridi, yameshikana kama udongo wa mfinyanzi. Nikamwita Mungu, nikawaita na wazee waliozikwa nyuma ya migomba. Mwisho nikayafunga majivu kwenye jani la mgomba, nikijiambia kwamba nikiyaweka chini ya moto ule mpya, labda utakubali kuwa wa zamani.

Niliporudi kijijini, Bibi alikuwa macho, peke yake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote ya mvua na ya kiberiti. Hakukasirika. Alinishika kichwa, akasema mafiga yake yapo, tukirudi tutawasha mwingine. Sijawahi kupumua vile tena maishani. Kisha akalifungua jani ili ayanuse majivu ya kwake, na vidole vyake vikagusa kitu.

"Hizi ni nyasi za paa," alisema.

Akatoa na punje moja ya harage, nyeusi, imeungua.

"Paska, nyumba iko?"

Kumdanganya tena sikuweza. "Waliichoma, Bibi. Siku ileile."

Akalifunga jani taratibu, akanirudishia, akageukia ukutani. Ile punje alibaki nayo mkononi.

Jioni Baba mdogo aliingia, na kwa mazoea akaanza mwenyewe: nyumba iko, Mama, nimefunga mlango.

"Asante, Filipo," Bibi alisema bila kugeuka. "Umefunga vizuri."

Alikufa siku ya tatu, moto ukiwaka vizuri miguuni pake.

Msibani Baba mdogo alikiri, huku akilia, kwamba moto ulizimikia njiani. Wazee wakatikisa vichwa. Marehemu si alikuwa ameshasema. Mimi hakuna aliyenilaumu, nilikuwa mtoto na mvua ilikuwa mvua. Habari za jani la mgomba sikumwambia mtu.

Leo nina wajukuu. Napikia hapa Kasulu kwenye jiko la mkaa, nalizima na kuliwasha kila siku, na halijaniua. Baba mdogo nimeshamwelewa: uongo wake ndio uji pekee ambao Bibi hakuutema. Wakati mwingine najiambia kwamba Bibi alikuwa na haki ya kujua, na kwamba kifua chake kilikuwa kimeshachoka hata hivyo. Kisha nakumbuka tulivyomwosha, mama akikifungua kiganja chake kidole kimoja kimoja, na ile punje ikiwa bado imo. Mama aliniuliza imetoka wapi. Nilisema sijui.