Mama wa Nywele

Kilichomponza Saturnina Colque ni wema wake mwenyewe. Alikuwa akivuna tumbaku upande wa Argentina, shoga yake Hilaria akashikwa na uchungu hana wa kumtazama, na Saturnina akakaa naye mpaka kibali chake kikaisha. Mtoto alizaliwa salama, Saturnina akafukuzwa, akarudishwa kwao Bolivia na kuzuiwa kuingia tena kwa miaka. Ndipo Hilaria akaapa kwamba nywele za mtoto huyo wa kiume, Wilmer, haziguswi mpaka Saturnina azikate. Kwao mtoto hanyolewi hivi hivi tu. Anayekata msuko wa kwanza, kabla wageni hawajakata iliyobaki, ndiye mama wa nywele, mzazi wa pili maisha yote, na Saturnina hakujaliwa mtoto.

Basi alifika darajani Villazón, mpakani mwa Bolivia na Argentina, amevaa kofia yake nzuri, na mkononi ana mkasi uliofungwa utepe. Alijiambia adhabu itakuwa imekwisha. Nani asiyejiambia hivyo?

Afisa Tolaba wa uhamiaji, kijana aliyebabuka mashavu kwa upepo wa huko, alitazama kompyuta, akatazama tena.

"Mama, hupiti. Zuio lako bado miaka miwili."

"Mwanangu, nakwenda kumnyoa mtoto, nageuza. Hata chai sinywi."

"Ingekuwa mimi ungepita. Si mimi, ni hii." Akaigonga kompyuta.

"Basi iite nje niongee nayo."

Tolaba alicheka kidogo, lakini njia hakufungua. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee.

Ng'ambo ya daraja Hilaria alisimama na wageni wake na sufuria la chakula. Wametoka mbali kwa basi, na yeye karatasi hana. Akivuka, harudi tena kazini kwake. Wilmer ameng'ang'ania sketi yake, misuko mpaka kiunoni.

"Tutasubiri!" Hilaria alipaza sauti. "Hakatwi na mtu mwingine!"

Saturnina alifurahi, halafu furaha ikamwishia. Jumatatu mtoto anaanza shule. Kule chekechea wenzake walimwita dada mpaka akawa hataki kutoka nje. Asubiri miaka miwili tena, kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake yeye, apate na yeye kuwa mama wa mtu. Ilimuuma, kwa sababu alikitaka kitu hicho kuliko chochote.

Akamsogezea Tolaba mkasi.

"Nenda ukamkate wewe."

"Mimi? Niko kazini, mama."

"Wewe ndiye uliyeniziba njia, basi simama mahali pangu. Kwani bibi yako hakukufundisha mila hii?"

Bibi yake alimfundisha, ilionekana usoni. Aliugeuzageuza mkasi ule, kisha akamwachia mwenzake kiti, akavua kofia ya serikali, akaenda.

Saturnina hakuona vizuri, watu walikuwa wamezunguka. Aliona mkono ukiinuka, akasikia vigelegele, akainamisha macho. Kijana wa watu amekwenda kazini asubuhi, na sasa ana mtoto. Yeye anarudi nyumbani mikono mitupu.

Tolaba alirudi anapuliza kidole.

"Ameniuma."

"Ana akili," alisema Saturnina. "Mwana-kondoo wake utampa lini? Baba wa nywele hatoi mkono mtupu."

"Utampa wewe. Mimi nimewaambia nimeleta mkono tu, mwenye mkono yuko kule. Hilaria akakubali, na wazee wakakubali." Akaweka mezani msuko mmoja mweusi, utepe mwekundu ungali umeufunga. "Na huu amesema ukae nao wewe."

Saturnina aliupokea, akautia ndani ya kofia yake. Ng'ambo, mtoto aliyepungukiwa msuko mmoja alikuwa amebebwa juu juu, akimpungia mkono.

Tolaba akavaa kofia yake, akakaa. Kazi ni kazi. Alitoa fomu ya kukataliwa kuingia, akaipiga muhuri, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Weka sahihi hapa," alisema, "Mama Wilmer."

Akaweka.