Mlango Wangu kwa Mwezi Mmoja

"Weye? Kitabu? Mu mwezi moja?" Dada yangu mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye ulishindwaka hata kuandikia mama barua!"

Rais wa kwaya ya parokia yetu alisema sitafika wiki ya pili. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu, anayeuza sukari na mafuta kwa jumla jirani na kwangu, alinihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko. "Mukubwa, diploma ya Ulaya ni ya kutundika ku ukuta. Haiandike kitabu."

Ninaandika haya ili wasome wote watatu. Mimi ni mtoto wa Mitwaba. Niliingia Lubumbashi nimekalia magunia juu ya lori, na Ulaya nilifika kwa jasho langu. Mchana niliosha sufuria za mkahawa, jioni nilisoma, hadi nikapata diploma ya usimamizi wa bohari. Nikarudi. Nikanunua kiwanja Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, mlango wa chuma. Nani kati yao amefanya hivyo? Hakuna.

Shindano lenyewe ni rahisi kulieleza. Mwezi wa kumi na moja, watu wa nchi nyingi, kila mmoja kwake, wanaandika riwaya ya maneno elfu hamsini kwa siku thelathini. Zawadi hakuna. Nilijiandikisha kwa simu kabla mvua hazijaanza. Hadithi nilikuwa nayo kichwani tangu utoto: lori linaharibika katika barabara ya Mitwaba, abiria wanangoja litengenezwe, wanangoja tena, mwishowe wanalima palepale porini. Karatasi nilikuwa nazo. Kalamu pia. Kilichobaki ni mlango uliofungwa.

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Nyumba ilimeza kila nilicholeta, nikaingia ndani yake sina hata pa kukalia. Rais wa kwaya akaniazima viti viwili vya plastiki. Mfanyabiashara akaniazima betri na paneli ya jua, maana umeme kwetu huja unapotaka. Dada akaniazima meza. Niliwashukuru wote. Sikukumbuka, baada ya miaka yote ile ya ugenini, kwamba kwetu mtu aliyekuazima kitu hapigi hodi tena. Kitu chake kimo ndani. Basi naye ni wa ndani.

Jumamosi moja nikafanya jaribio. Nilifunga mlango asubuhi, nikakaa kupanga sura za riwaya. Sijamaliza kumpa dereva wa lori jina, mlango ukasukumwa.

"Napita tu kuona kama betri iko na maji," akasema mfanyabiashara. Aliifungua, akaichungulia, akachomeka simu yake, akangoja ijae. Wakati huo wote alinieleza bei ya sukari.

Alipotoka, akaingia rais wa kwaya. Nikamwambia nina kazi.

"Fanya kazi, papa. Mi naikala tu ku kiti yangu."

Akaketi. Akaegemea nyuma, kiti kikasimama kwa miguu miwili, naye akawa anazungumzia sare mpya za kwaya, rangi gani, mshonaji gani. Mguu mmoja ukakatika. Aliinuka kutoka sakafuni, akakung'uta suruali, akanitazama kana kwamba nimemsukuma.

"Kiti yangu inafwa mu nyumba yako. Utalipa."

"Matako yaliyokivunja ni ya nani?"

"Nyumba ni ya nani?"

Nilitaka kumtupia kile kiti. Kabla sijakiokota, dada akaingia na bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akatua sufuria juu ya karatasi zangu. Sura zangu zote zikalowa mafuta ya mawese. Nikapiga kelele. Yeye akasema, "Meza iko ya kukulia. Kula kwanza."

Jioni ile nilielewa. Wenzangu wa shindano, huko walikokuwa, walikuwa wanatayarisha wahusika. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba siku ya kwanza ya mwezi hakuna kitu cha mtu mwingine chini ya bati langu.

Betri nilirudisha kwanza.

"Na usiku utaandika na nini?" akauliza mfanyabiashara.

"Usiku nitalala. Kwani weye haulalake?"

Viti vilinigharimu koti langu la Ulaya, la sufu halisi. Ulikuwa mwezi wa kumi, jua linachoma, na aliyelinunua alinicheka usoni huku akilikunja. Nikanunua kiti kipya, nikakibeba pamoja na kile kilichobaki kizima hadi parokiani. Rais alikikalia kile kipya mbele yangu, akakitikisa. "Ile ya zamani ilikuwaka na nguvu zaidi," akasema. Nikachukua njia. Mtu mwenye diploma anajua wakati wa kuondoka.

Meza niliiacha mpaka siku ya mwisho ya mwezi. Nilivaa suti, nikakodi mtu wa kigari, nikatembea nyuma ya meza hadi kwa dada, kila mtu aone kwamba ninarudisha. Dada alikuwa anafua. Alisimama, mikono inachuruzika.

"Unanirudishia meza? Nakukosea nini?"

"Hujanikosea, yaya, dada yangu. Unaingia tu kila saa."

"Naingia sababu ya meza yangu."

"Ndiyo maana nimeileta."

Alikausha mikono. Akaipangusa meza kwa kanga yake, mahali ambapo mafuta ya sombe yalikuwa yameacha alama. Halafu akasema, bila kunitazama, "Sasa nitasema nakwenda kwako kufanya nini?"

Nilimwambia mwezi ukiisha aje, apige hodi kama watu wengine. Nilisema kwa ukali. Nikaondoka.

Nyumba yangu ilikuwa tupu na yote yangu. Nikapanga makasha mawili matupu ya bia niliyoyanunua, nikatoa diploma yangu msumarini, nikailaza juu yake. Kioo chake ni kinene, laini, karatasi inakaa vizuri. Nikakalia sanduku la safari. Nikafunga mlango wa chuma.

Punde nikasikia sauti nje, karibu na dirisha. Ile sauti naijua tangu sijaota meno. Dada alikuwa amenifuata.

"Weye muuza mikate, acha kupiga makelele hapa! Pita kule! Mutu iko naandika!"

Nilikuwa bado sijaandika neno. Mwezi unaanza kesho. Nikakaa pale nimefura kwa hasira. Siku ile ile niliyomaliza kumlipa kila mtu, mwanamke huyu alikuwa tayari ameanza kuniazima ukimya.