Siku Maelezo Yangu ya Siri Yalipotokea Ukutani

Krrriii! Hiyo ni sauti ya kiti cha plastiki cha Maman Furaha kikisukumwa nyuma sakafuni, na mpaka leo nikiisikia popote natafuta mlango uko wapi. Naona haya kuwasimulia, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe, maana sokoni Kamembe habari hii imeshatiwa chumvi.

Shule niliachia mwaka wa tatu wa sekondari, halafu nikajifunza kutengeneza kurasa za wavuti kwenye kituo cha vijana. Maman Solange, kiongozi wa koperative, yaani ushirika, ya washonaji wanaouza nguo hata nchi jirani, ng'ambo ya kituo cha mpakani cha Rusizi II, akaniamini: ukurasa wao ukiwapendeza wote, kazi ni yangu, kazi ya kwanza maishani (kichwani nilikuwa nimeshafungua ofisi yenye pazia la maua).

Sasa, ndani ya ukurasa kuna vitu vinaitwa nodi, na si za aina moja: kuna elementi, ambayo ni kipande kinachobeba vingine, kuna maandishi yenyewe, na kuna maelezo ambayo mtengenezaji anajiandikia na msomaji hayaoni. Mimi majina ya akina maman wa koperative yalinichanganya, basi kando ya kila jina nikajiandikia maelezo ya kumkumbuka mwenye jina. Nani atayaona? (Ndiyo, chekeni.)

Asubuhi ya kuwaonyesha nikataka kupendeza zaidi, nikaongeza kitufe cha kutoa majina ukutani kwa projekta, moja moja, kwa herufi kubwa. Kila nodi ina nodeType, yaani namba ya kusema ni ya aina gani, na nodeValue, yaani kilichoandikwa ndani. Nilipaswa kuuliza aina kwanza. Nikasema aah, nina haraka, chukua nodeValue zote.

Ukumbi umejaa, nikabonyeza. Ukutani: "Maman Furaha. Mikono ya mashati yake hailingani."

Krrriii!

"Weye mutoto! Mashati yangu iko na mikono mbili. Ya tatu ni ulimi yako!"

Watu wakacheka, nikataka kuzima, nikabonyeza kilekile kitufe: "Maman Solange. Anaongea sana, asipewe maikrofoni." Na maikrofoni alikuwa ameishika.

"Eeh," akasema kwenye hiyo maikrofoni, polepole, "mashini yako inasoma mpaka ndani ya roho?"

Nikabonyeza tena, sijui kwa nini. "Maman Vumilia. Anashona vizuri mno, ila mwenyewe hajui."

Kicheko kikakatika. Maman Vumilia, ambaye hukaa karibu na mlango na hajawahi kuomba neno, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Nani aliandika ile?" akauliza.

"Ni mimi, maman."

"Na haukuniambia?"

Hapo machozi yakanitoka. "Bamaman, munisamehe. Munapokata nguo munachora na chaki, si ndiyo? Kuna kitambaa, kuna uzi, na kuna chaki, lakini mteja haoni chaki. Mimi nimewavalisha nguo na chaki yake yote."

Maman Furaha, bado amesimama, akachukua shati lake moja mezani, akashikanisha mikono yake miwili. Mmoja ulizidi mwenzake kwa kidole kizima. Akautazama, akanitazama.

"Pangusa chaki yako," akasema. "Na miye nifumue hii mukono."

"Kazi ni yake, basi," Maman Solange akasema, "na maikrofoni sitoi!"

Tangu siku hiyo nimeapa: siandiki juu ya mtu neno nisiloweza kumwambia machoni, na nodi yoyote naiuliza aina yake kwanza.

Walipotoka wote nikabaki na kompyuta. Nikaweka sharti: nodeType ikiwa 3, hayo ni maandishi, soma, ikiwa 8, hayo ni maelezo, pita. Kisha nikafuta maelezo yangu moja baada ya jingine mpaka nikafika kwa Maman Vumilia. Hapo nikafuta kipande cha mwisho tu, "ila mwenyewe hajui", maana sasa anajua, nikaondoa alama zilizoyaficha maneno yaliyobaki, yakakaa wazi kando ya jina lake.