Boti Yenye Kiti Kimoja

Boti ya kwanza niliyoingia kuitazama ilinuka panya. Ilikuwa ya chuma, imefungwa upande wa Port Bell, na mlinzi wake aliniambia kwamba panya wale waliingia wakati wa vita na hawajapata sababu ya kutoka. Nilishuka ndani ya kabini, nikajilaza kitandani na viatu vyangu, nikafumba macho na kusikiliza maji yakigonga ubavu. Mke wangu alikuwa amesimama gatini, mkoba wake ameukumbatia kifuani.

"Umemaliza kulala?" aliniita kutoka juu. "Mimi nimeacha maharage jikoni."

Ndivyo nilivyokuwa nikichagua boti, kwa kujilaza. Tabia hiyo niliitoa kwenye malori. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua barabara iliyopita mbele ya duka la baba inaishia wapi. Haiishii. Nilifika nayo Mombasa, nikafika nayo Bunia na Juba, kwanza nikiwa utingo, baadaye nikitengeneza injini njiani, na miaka yote hiyo kitanda changu kilikuwa kile kibao kilicho nyuma ya kiti cha dereva. Babu zetu walikuja Kampala na misafara kutoka pwani, wakajenga, wakazaa, wakafungua maduka ya vitambaa na kufundisha watoto Kurani. Katika ukoo wa watu waliokuja wakakaa, mimi peke yangu nilirithi ile sehemu ya kuja.

Nyumba ya marehemu baba ilipouzwa nikapata fungu langu, mke wangu alitaka tununue kiwanja. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kansanga, nyuma ya hoteli yake ndogo alikopikia wanafunzi chapati na maharage. Yeye ni Mkenya, mzaliwa wa upande wa Kisumu, mtoto wa wavuvi. Nilimweleza habari za boti jioni moja wakati anakanda unga. Nilimwambia kuna watu wanaotaka kulala ziwani mwishoni mwa wiki, maharusi, wageni wa miradi, wakubwa wanaotaka kupumzika mbali na simu. Boti ya wastani yenye kabini ingewapeleka visiwani na kuwarudisha, nasi tungeishi kwa hiyo. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nyumba isiyo na uwanja," alisema.

"Nataka kazi."

"Kazi unayo. Injini zimejaa Kampala nzima zinakungoja."

Baada ya siku kadhaa alikubali, akaweka masharti mawili. La kwanza, kila boti nitakayotaka lazima aione. La pili lilikuwa la kwao. Kwa watu wake, chombo kipya hupokewa kama mke anayeletwa. Mke mwenye nyumba huenda ufukweni na sahani ya ugali na samaki, huweka tonge kwenye omo, pale mbele kabisa, kisha hukisemesha chombo kwa sauti, watu wakisikia. Hukiambia anakikabidhi nani, na kwamba anataka arudishwe. Asipokwenda kusema, hakuna mwanamume wa kijiji atakayekipanda chombo hicho.

Nilimwambia mimi ni Mwislamu, mambo hayo yatanipa shida.

"Baba yako alifukiza ubani dukani kila Ijumaa," alisema. "Usianze kunifundisha dini leo."

Boti ya pili, nyeupe, niliiona bila yeye. Hiyo nayo niiseme tu ilivyokuwa: nilipita Munyonyo kutazama jenereta ya mtu, nikaambiwa kuna boti inauzwa, nikaenda. Ilikuwa ya faiba, nyembamba, pua yake imeinuka kidogo kama mtu anayenusa mvua. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa serikali aliyeinunua kwa mzungu aliyerudi kwao. Nilipomwamkia kwa Kiswahili alinyoosha mgongo. Miaka ile wengi Kampala bado walikisikia Kiswahili kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Nikamwonyesha viganja vyangu vyenye grisi, akatulia, akacheka.

Kabla hajawasha chochote niliweka kiganja juu ya injini. Hili kila utingo hufundishwa mapema. Injini mbovu huwashwa kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu ikishapata moto huficha ugonjwa wake. Ukiikuta na joto, shukuru na uondoke. Hii ilikuwa baridi. Mzee akaiwasha, ikashika mara moja, ikanguruma sawasawa. Nikashuka kabini nikajilaza. Kitanda kilikuwa na urefu wangu hasa. Kando yake kulikuwa na meza ya kukunja, na kiti kimoja kilichofungwa sakafuni kwa bolti, kinazunguka. Nikakaa nikazunguka nacho. Kupitia kidirisha nilikuwa naona maji matupu, hakuna nchi kavu hata kidogo.

"Mzee, kwa tangi hizi inafika Mwanza bila kusimama?" nilimwuliza.

"Kufika inafika," alisema. "Kurudi, hiyo maneno ingine."

Boti ya tatu ilikuwa Ggaba, ya mbao, imeundwa na fundi niliyemfahamu kwa kumtengenezea injini. Ilikuwa pana, tumbo lake tambarare, na kabini ndefu iliyokaa katikati kama duka. Ndani mlikuwa na vitanda vinne, viwili kila upande, na benchi za abiria huku nyuma kwenye tezi. Ilikwenda polepole. Mke wangu alipanda bila kushikwa mkono, akavua viatu, akatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho akikanyaga kila ubao.

"Jiko litakaa hapa," alisema. "Maji yakiingia yanatoka wapi?"

Fundi akamwonyesha pampu.

"Na wanawake wakibanwa haja katikati ya ziwa, mmewafikiria, au wataambiwa waangalie ndege?"

Fundi akakuna kichwa. "Shemeji, huku nyuma naweka kajichumba. Wiki moja tu."

"Kenye mlango?"

"Kenye mlango, shemeji."

Fundi alieleza kwamba visiwani hakuna gati, boti yenye mkuku mrefu, ule uti wa chini, hubaki mbali na watu hushuka majini na suti zao, lakini hii inapanda mchangani hata mbuzi anashuka bila kulowa. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mimi nilijilaza kwenye kitanda kimoja baada ya kingine, nikaona dari na matumbo ya vitanda vingine. Nilihisi kama nimelala ndani ya hoteli yake Kansanga, pamoja na wanafunzi wake wote.

Nikamwambia nimesikia kuna nyingine Munyonyo, njoo uione kabla hatujaamua.

Mzee alitupeleka majaribio siku ya Jumapili mchana. Miaka ile ndiyo magugumaji yalikuwa yameziba ghuba zote. Asubuhi ungeona maji, mchana upepo ukageuka ukaona shamba la kijani. Mke wangu alikaa nje mbele, kitambaa kichwani. Mimi nilishika usukani. Boti iliruka, na mimi moyo uliruka nayo. Mzee alifurahi kuona naifurahia, akamsogelea mke wangu amsifie mali yake.

"Mama, hii boti iko mzuri sana. Hata mzee yako siku ile aliuliza mwenyewe. Aliuliza inafika Mwanza bila kusimama. Mimi nasema inafika."

Mke wangu alinigeukia. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika uso wake haukuonyesha. "Siku ile ipi?" aliuliza.

Kabla sijajibu injini ilianza kulia kwa uchungu, ikazima. Tulikuwa tumeingia katikati ya magugu bila kuona, na rafadha inayoisukuma boti ilikuwa imezongwa na mizizi kama uzi kwenye kijiti. Mzee akachukua panga, akalala kifudifudi nyuma na kuanza kukata, huku akiyatukana magugu kwa Kiganda. Nilitaka kumsaidia, akasema mahali penyewe panatosha mtu mmoja. Jua lilikuwa kali. Mke wangu alishuka kabini, nami nikamfuata.

Alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Akakizungusha kidogo huku na huku, akatazama kidirisha, kitanda, meza. Nilitafuta mahali pa kukaa. Kitandani kulikuwa na makopo ya rangi na kamba za mzee, na sakafu yenyewe haikuwa na upana wa miguu ya watu wawili. Nikakaa kwenye ngazi, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Mwanza kuna nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Niliuliza tu. Mtu akinunua lori anauliza linafika wapi."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema. "Kungekuwa na mwanamke Mwanza ningeuliza jina lake, nikapanda basi nikaenda nikamtukana, tukamaliza. Sasa hakuna kitu, nitamtukana nani?"

Juu yetu panga lilikuwa likigonga faiba.

"Nimeolewa na wewe nikijua," aliendelea. "Mama yangu aliniambia huyu miguu yake inawasha. Nikamwambia ataichoka. Kila ukirudi nilikuwa nasema hii ndiyo ya mwisho. Lakini zamani ulikuwa unaondoka na lori la mtu, na lori la mtu lazima lirudi kwa mwenyewe. Boti hii itakuwa yako." Akasimama. "Haya, njoo ukae kwenye kiti chako."

Sikukaa. Tulibaki tumesimama wote wawili, vichwa vimeinama chini ya dari, kiti kikizunguka kidogo kati yetu, mpaka mzee alipopiga kelele kwamba injini imepona.

Nyumbani hatukugombana. Alipika, akahudumia wateja, akaniwekea chakula. Usiku alilala akinipa mgongo, lakini hata zamani alikuwa akilala hivyo. Nilizunguka mjini nikifanya vibarua, Kalerwe nikitengeneza mashine ya kusaga, Kamwokya nikifunga spika za baa moja, na kila mahali nilijikuta naona kile kidirisha na maji yake matupu. Sikuwahi kutaka kitu cha mikono ya mtu namna ile. Nilijua pia kwamba siku nitakayokaa kwenye kile kiti na tangi limejaa, sitaweza kusema nitafanya nini. Sikuwa na mpango wowote. Lakini sikuwahi kuwa na mpango, hata siku ile nilipotoka darasani.

Nikaenda Ggaba nikashikana mkono na fundi.

Nilipomwambia mke wangu alikuwa anafuta meza. "Usininunulie boti ya huruma," alisema.

"Inapanda mchangani. Ina kajichumba kenye mlango."

"Hiyo najua. Nauliza wewe umechagua nini."

Nikamjibu nimechagua hiyo. Akaendelea kufuta meza ambayo ilikuwa imeshakauka.

Siku ya kuishusha majini alifika na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Wachuuzi wa samaki walisogea, na wapakuaji mizigo, na fundi na watu wake, kwa kuwa habari ya Mkenya anayekuja kulisha boti ilikuwa imezagaa sokoni. Mmoja akaniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, ikishiba usiipe na maharage, itajamba mpaka kisiwani." Watu wakacheka, na mke wangu naye akacheka kidogo. Akafunua sahani. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaliweka juu ya omo, kisha kipande cha samaki. Kicheko kikakoma chenyewe. Watu walikuwa wanangoja aseme.

Hakusema. Aliweka kiganja juu ya ubao, rangi bado inanata, akasimama hivyo muda mrefu hata mtu mmoja nyuma akakohoa. Nilimsogelea nikidhani amesahau maneno.

"Sijasahau," alisema kwa sauti ya chini. "Maneno haya ni ya mke anayeiamini safari. Nikiyasema mimi nitakuwa nakidanganya chombo." Akanipa sahani. "Sema wewe. Iambie ikurudishe."

Kwao mwanamume hasemi. Hilo nililijua, na yeye alijua kwamba ninalijua. Nikashika sahani mbele ya watu wote wale, mjukuu wa walimu wa Kurani, mchuzi ukinimwagikia kwenye kidole gumba. Nikaitazama ile boti pana, na nyuma yake ziwa, ambalo siku hiyo upepo ulikuwa umelisafisha kabisa, halina hata jani moja.

"Unirudishe," nikasema.

"Wapi?" aliuliza mke wangu.

"Hapa. Kwa huyu."

Fundi akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wanaume wakaweka mabega na kuisukuma boti majini. Mke wangu hakupiga makofi. Alichukua sahani kutoka mikononi mwangu, akaiweka chini mchangani, halafu akaweka kiganja chake kifuani pangu, juu ya shati, akakiacha pale. Niliitambua namna hiyo ya kuweka mkono. Alikuwa ameniona nikifanya hivyo kwenye kila injini, kabla haijawashwa.

Sikumwuliza alikuta baridi au moto. Alikitoa kiganja, akakipangusa grisi ya shati langu kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda kupanda boti.