Mipulizo Arobaini

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mimi niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti cha shule ya jioni mkononi, kwamba kile kidude wanachopuliza wafanyakazi kwenye geti la kambi kinanyonya kiu ya pombe. Unapuliza, kinalia nti, kiu inatoka. Ukipuliza asubuhi arobaini mfululizo, kichwa kimesafishwa, umerudi kama ulivyozaliwa. Na hiyo kiu iliyonyonywa? Inapelekwa melini, inachanganywa na gesi. Ndiyo maana gesi inawaka.

Msinicheke. Aliyenieleza alikuwa kinyozi, wembe uko shingoni mwangu, na mwenye wembe shingoni mwako hubishani naye. Tena ushahidi niliuona kwa macho: watu waliokuwa wakilala mitaroni tangu enzi za Nabii Nuhu waliingia kambi ile wakatoka na kofia ngumu, wanasalimia majirani kwa majina.

Nami nilikuwa na mtu wa kumpeleka pale. Kaka yangu, tumbo moja. Ndiye aliyeniambia, nilipoona aibu kukaa dawati moja na vijana wanaoniita mzee, "Nenda, mdogo wangu, kichwa hakina umri." Fundi seremala, ubao akiupiga randa, nzi akitua anateleza. Lakini yakifika majira ya mabibo, kwisha habari. Kwetu korosho zikiiva, mabibo yake hukamuliwa ndani ya mtumbwi mkongwe usiofaa tena bahari. Maji yakichacha ndiyo uraka. Uraka ukichemshwa ukatoneshwa ndiyo nipa. Harufu inashika mji mzima, mwaka mmoja hata kuku walitembea upande upande. Kaka alianza na uraka, akahamia nipa, na randa ikalala na kutu hadi mvua ziishe.

Shemeji alikuwa amekwisha funga nguo zake mara mbili. Mara ya tatu aliniambia mbele ya kaka mwenyewe: "Shemeji, safari hii nikienda kwa mama yangu kule Mocímboa, sirudi. Na watoto nakwenda nao."

Basi, korosho zikiwa bado maua, nikamwendea msimamizi wa maseremala kule kambini. Nikamwapia kwamba kaka yangu ni mtu safi. Niliapa kwa nguvu hata kofia ikanidondoka. Kaka akapokelewa.

Kila jioni, nikielekea shuleni, nilipita barazani kwake.

"Shikamoo, kaka. Umepuliza?"

"Marahaba. Nimepuliza."

"Kimelia nti?"

"Kimelia nti, bwana. Nenda shule, utachelewa."

Nami nachora mstari wa mkaa kwenye nguzo. Tisa. Kumi na saba. Thelathini. Kaka akanenepa shingo. Akawachongea watoto kitanda chenye maua ubavuni, kitanda ambacho sultani angekilalia akasahau usultani. Shemeji akaanza kuimba akipika. Sauti mbaya, Mungu amsamehe, lakini aliimba.

Siku ya arobaini sikumuuliza. Ningeuliza nini tena? Kwetu mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje, nami nikamtoa kaka yangu nje. Nilichinja jogoo, nikampeleka kwenye shamba la korosho la marehemu baba, tule kivulini, tumshukuru Mungu. Mabibo yalikuwa yametapakaa chini, mekundu, mengine yamekwisha chacha, nyuki wanagongana. Kwa jirani, ng'ambo ya ua wa miti, mtumbwi ulikuwa umejaa pomoni. Nikiwa nafunua sufuria, nikamwona kaka anasimama. Pua ilitangulia, miguu ikafuata. Nikadhani anakwenda kujisaidia.

Asubuhi yake kidude hakikulia nti. Kililia kama mbuzi wa Idi. Kaka akavuliwa kofia pale getini, watu wanatazama. Msimamizi akaniita na mimi: "Wewe si ndiye uliyeapa?" Nilitamani mchanga unimeze. Shemeji alifunga nguo, akawashika watoto mkono, akapanda gari la Mocímboa.

Nilimfuata kaka barazani, nikamwambia, "Umenisaliti. Mipulizo arobaini! Umeirudisha yote kwa kikombe kimoja!"

"Ndiyo," akasema. Hivyo tu. Hata kujitetea aliona uvivu.

Nikaifuta mistari kwa kiganja changu, nikaondoka, na salamu nikamnyima. Nilimpita njiani kama ninavyopita nguzo ya umeme. Baadaye nikasikia amehamia kwa shangazi yetu kule Namoto, mpakani, na mimi nikasema na aende, Rovuma imbebe.

Kisha malaria ikanishika, malaria ya kuua tembo, nikaenda zahanati. Enfermeira, yaani muuguzi wa pale, alikuwa mama wa Kimakonde, mtu wa huko juu uwandani, mkavu kama kuni. Nilipokuwa nangoja dawa nikamlalamikia habari zote za usaliti wa kaka.

"Wewe umesoma?" akauliza.

"Darasa la kumi, senhora, shule ya jioni, ukubwani."

"Kabla hujajua kusoma, herufi ulikuwa unazionaje?"

"Nyayo za kuku."

"Haya. Litazame lile bango ukutani. Usilisome."

Nikatazama. Kuosha mikono.

"Nimelisoma."

"Nimekwambia usisome. Tazama tena."

Nikatazama tena, nikakaza macho hadi yakatoa machozi. Kuosha mikono.

"Umeona?" akasema. "Ubongo wako ulijijenga upya ulipojifunza herufi, huwezi tena kuuamuru uone nyayo za kuku. Wa kaka yako umejifunza harufu ya mabibo, mwaka baada ya mwaka. Akiinusa, amekwisha isoma. Haifutiki. Lakini ubongo huohuo unafundishika jambo jingine, hata ukubwani, kama ulivyofundishika wewe. Kila siku kidogo, miaka, na mbali na mabibo." Akanipa vidonge. "Kwani nani alimpeleka shambani?"

Nilimeza vidonge bila maji.

Nilipopona nikaenda Namoto. Kule mtoni ni mikoko tu, mkorosho hauuoni karibu. Nilimkuta kaka nje kwa shangazi anatengeneza meza ya mchuuzi, randa inang'aa. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na mistari ya mkaa, mingi, na si mkono wangu ulioichora.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

"Shemeji je?"

"Ametuma salamu. Watoto bado hajawatuma."

Nikaiangalia ile mistari kwa wivu, wallahi, kama mtu aliyekuta mkewe anacheka na jirani.

"Huku nako kuna kidude?"

"Hakuna. Shangazi ananiuliza kila jioni. Kama ulivyokuwa unauliza wewe, ila yeye hachoki."

"Sikuchoka! Ulikuwa umekwisha pona, arobaini zilitimia!"

Akaweka randa chini. "Nilijua unavyoamini. Nikaogopa kukwambia, maana ungejua usingepita tena jioni."

"Ningejua nini?"

"Kile kidude kinapima tu kama mtu amekunywa, mdogo wangu. Hakitoi kitu."