Marobota ya Sufi

Baba, bosi wangu wa Riyadh, alikuwa na merikebu sebuleni. Ilikuwa ya mbao, ndefu kama kitanda cha mtoto, ina milingoti mitatu na kamba nyingi kuliko soko la mbuzi. Aliiunda mwenyewe baada ya kustaafu. Bahari yenyewe ilimtapisha, kwa hiyo aliipenda kutoka jangwani.

Jioni nikipita na sinia la chai angenisimamisha anifundishe. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini yeye alisaidia kwa mikono. Zamani, kabla ya meli za moshi kushika bahari zote, merikebu kama hizo zilibeba sufu ya kondoo kutoka Australia mpaka Uingereza. Sufu ilishindiliwa kwa jeki mpaka mbao zikalia, kisha likaongezwa robota jingine. Ikipakiwa na unyevu ilijipasha moto yenyewe, ikawaka baharini. Basi nikapigwa marufuku kupita na pasi ya mvuke karibu na merikebu, ambayo wakati huo haikuwa na hata unyoya mmoja.

Mabaharia, alisema, walifanya kazi kwa saa nne, wakalala kwa saa nne, na asubuhi wakapiga magoti kusugua sitaha kwa mawe. Hapo macho yake yalijaa machozi. Maskini, watu wale hawakupata usingizi. Kisha akanikumbusha kwamba jikoni bado hakujapigwa deki.

Mimi nilibaki kwenye zile saa nne za kulala. Za haki kabisa, na nahodha anazijua! Nikawa naota niko juu ya mlingoti, upepo unanipiga, na sauti ya madam, mke wa baba, haifiki.

Lakini nilichokitaka hasa ni kwenda Jeddah. Dada yangu alifanya kazi huko, nyumba ya karibu na Balad, mji wa kale wenye masoko. Tulikuja pamoja, tukatenganishwa uwanja wa ndege, na tangu hapo tulionana kwenye simu tu, yeye amejifungia bafuni. Kila nikiomba ruhusa nikamwone, madam alinijibu neno moja: mafi. Hakuna.

Siku moja baba akaamua kumpelekea kaka yake wa Jeddah ile merikebu iwe zawadi. Madam akasema mimi nibaki. Baba akasema chombo hakisafiri kitupu. Nikiweza kukitengenezea shehena, nitakaa nacho kiti cha nyuma na kushika milingoti. Akaniagiza marobota ya suf, yaani sufu kwa Kiarabu; mimi nikasikia sufi.

Sasa, kwetu pwani sufi ni ile ya mti wa msufi, laini, ya kujazia mito. Nami nilikuwa na mto wa sufi alionishonea nyanya. Nilipouchana nililia kidogo, nikajiambia nyanya angependa wajukuu wake waonane kuliko mimi nilale vizuri. Nikashona vifuko kwa gunia la mchele, nikavishindilia kwa mwiko. Baba akavikagua kama afisa wa forodha, akaridhika.

Kaka yake alikuwa mtu wa bandari maisha yake yote. Tulipofika Jeddah alichukua robota moja, akalichana kwa ukucha, akapuliza. Sufi ikapaa, ikamtua ndevuni.

"Hii ni nini?"

"Suf," baba akasema.

"Huu ni mto, ndugu yangu. Umeniletea merikebu ya magodoro."

Wanawe walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Madam, aliyekuja nasi, akasema si alishasema nibaki. Nikajua narudishwa Riyadh bila kumwona dada. Lakini wageni walikuwa wanakuja kuitazama merikebu jioni, na baba hakuwa tayari kuchekwa mara mbili.

"Yalla," akaniambia. "Nenda Balad na dereva. Suf ya kondoo. Usirudi na kitu kingine."

Nikampigia dada nikiwa garini. Yeye akavimwaga vitunguu vya nyumba nzima kwenye taka, kisha akamwambia madam wake vitunguu vimekwisha, anakimbia sokoni.

Nilimkuta mlangoni mwa duka la sufu. Amekonda, ananuka dawa ya choo, anacheka. Tulishikana mpaka muuzaji akakohoa, akaweka sufu mezani.

"Hii ngumu," dada akasema, hajaigusa.

Muuzaji akaleta nyingine. Dada akasema inanuka.

"Inanuka kondoo, binti yangu. Ni ya kondoo."

"Bosi wake hapendi kondoo wa kunuka."

Tukanusa, tukavuta, tukaipeleka mwangani, na katikati ya sufu moja na nyingine akanipa habari za mama, za madam wake, za jino lililokuwa likimsumbua. Nje honi ikalia. Ikalia tena. Mwishowe dereva, Mkenya mwenzetu, akaingia amenuna, akatutazama mimi na dada tulivyofanana pua, akatazama mikono yetu ilivyoshikana chini ya meza.

Akainua sufu moja, akaigeuzageuza.

"Mzee," akamwambia muuzaji, "rangi hii siyo. Hebu tuone zile za juu kabisa."

Muuzaji akashusha pumzi, akaenda kutafuta ngazi.