Kidole cha Bibi

Juzi, benki, karani alinisogezea kijaluba cha wino nibonyeze kidole, kwa kuwa mkono wangu siku hizi unatetemeka na saini hazilingani. Harufu ile ikanirudisha mjini Chake, kwenye ofisi ya serikali, nimeshikilia buibui la bibi yangu.

Bibi alikwenda kumkodisha tajiri mmoja mikarafuu yake, msimu mmoja tu. Karatasi iliandikwa kwa herufi za kizungu. Yeye alihitimu Kurani, lakini herufi zile hakuzijua. Mimi ndiye niliyetiwa skuli. Akaniinamia.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu. Wameandika msimu mmoja?"

Nilikuwa najua a, e, i, o, u basi. Karani wa serikali ananitazama, tajiri ananitazama. Nikapitisha kidole juu ya mistari, midomo ikichezacheza.

"Ndiyo, bibi. Msimu mmoja."

Akabonyeza kidole chake.

Msimu wa pili tulifika shambani na makapu yetu, tukafukuzwa. Karatasi ilisema ameuza. Majirani walimwambia amedhulumiwa, akakataa katakata.

"Karatasi ilisomwa," alisema mpaka anakufa. "Mjukuu wangu aliisoma mbele yangu. Ni mimi tu sikufahamu."